Alama ya Uzima ya Wamisri wa Kale



Mwezi uliopita mama mmoja alinijia na daftari la mwanawe. "Mwalimu," akasema, "mtoto amechora msalaba wenye kitanzi juu yake, aliouona katika kitabu cha habari za Misri. Baba yake asema ni alama ya miungu, ataka kulitia daftari motoni. Wewe wasemaje?"

Alama ile Wamisri waliiita ankhi. Katika maandishi yao ya picha ni neno zima, na maana yake ni uzima. Katika kuta za mahekalu yao mungu huonekana amesimama mbele ya mfalme, ameishika ankhi na kuielekeza puani mwake, kama ampaye pumzi. Hata majina yalibeba neno hili. Yule Farao kijana ambaye kaburi lake lilivumbuliwa mwaka 1922, Tutankhamun, maana ya jina lake ni Mfano ulio hai wa Amun, na Amun alikuwa mungu mkuu wa Thebes. Basi baba yule hakukosa.

Lakini sikilizeni yaliyotokea Alexandria. Karibu na mwaka 391 hekalu kubwa la Serapis lilibomolewa. Socrates wa Constantinople, aliyeandika habari za Kanisa katika karne ya tano, asimulia ya kuwa katika mawe yake zilionekana alama zenye umbo la msalaba. Yakawa mashindano: Wakristo walidai ni yao, na wapagani vilevile. Ndipo waongofu waliojua kuyasoma maandishi yale wakaeleza kwamba maana yake ni uzima ujao. Watu wengi wakaungama dhambi zao, wakabatizwa.

Hata hivyo Socrates hasemi kwamba makuhani wa kale walimjua Kristo. Yeye hadhani hivyo. Akumbusha tu jinsi Paulo kule Athene alivyoyatumia maandishi ya madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Nao Wakristo wa Misri waliichora ankhi katika mawe ya makaburi yao, na kuifuma katika nguo, iwe namna ya msalaba. Alama ni ile ile. Aliyebadilika ni Mpaji.

Basi nilimwambia mama: mtoto asipigwe, wala daftari lisichomwe. Ila akitaka kuivaa shingoni imkinge na homa, hapo imekuwa hirizi. Na msalaba wetu wenyewe waweza kugeuzwa hirizi vivyo hivyo. Nayasema haya kwa aibu. Mwanangu alipougua, usiku kucha nilimfumbatisha msalaba mdogo wa mti, na kulipopambazuka nikatambua ya kuwa nimeutumainia mti, wala sikusali hata neno moja.

Jioni baba mtu akaja mwenyewe, daftari mkononi. Akauliza, "Mwalimu, kama si miungu ile, basi ni nani atiaye uzima puani mwa mtu?" Nikamfungulia Mwanzo, sura ya pili, akasoma polepole. Akaniambia, "Lakini hapa hapana mfalme. Huyu ni mtu wa mavumbi tu."

Nikamjibu, "Ndiyo, ndugu yangu. Ni wewe na mimi, na mtoto wako." Akalikunja daftari, akaenda nalo nyumbani.