Boneti ya Gari la Kuazima

Juma lililopita tulikuwa Siongiroi, Bomet, kwa wakwe zetu, na gari tulilosafiria lilikuwa amana: Prius ya shemeji yetu. Asubuhi ya kurejea Mombasa tulifunua boneti kutazama oili, kisha tukaifunga kama tulivyozoea kwa magari ya zamani, viganja viwili katikati, tukakandamiza. Ikafungika. Ikabaki na mabonyeo mawili, kila moja kadiri ya kiganja.

Boneti ya gari hilo ni ya alumini. Hata zile za chuma siku hizi hufanywa nyembamba, ili gari lipungue uzito, na ili bati libonyee iwapo, Mwenyezi Mungu aepushe, kichwa cha mwenda kwa miguu kitaligonga.

Basi, msomaji wetu, ukisharudisha fimbo mahali pake, iteremshe boneti hadi ibaki kama shubiri moja, kisha iachie ianguke kwa uzito wake. Isiposhika, usiikandamize, iinue tena na uiachie kutoka juu kidogo zaidi. Halafu jaribu kuinyanyua ukingoni. Ikicheza, imeshikwa na komeo la akiba tu, na komeo hilo likishindwa, upepo utaifunua iwe pazia mbele ya macho yako nawe uko mwendoni.

Shemeji tulimpigia simu tukiwa huko huko Siongiroi, kabla hajaliona gari lake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wakwe hawajambo. Fundi wa bodi tunamlipa sisi.