Maji ya Thika Yametutangulia Pwani

Likizo za shule zikaribiapo, hapa Thika na kule Ruiru huanza kusikika neno moja vinywani mwa watu: Pwani. Wenye vyama vya akiba hugawana fedha zao, wazazi huulizia nauli, na vijana hununua miwani ya jua. Wako wapandao mabasi ya usiku, na wako waendao Nairobi kupanda gari la moshi la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Hilo si baya hata kidogo. Nchi ni yetu sote, na aliyezaliwa katika baridi ya Gatundu ana haki ya kukanyaga mchanga wa Diani sawasawa na mimi mzaliwa wa Pwani.

Walakini nimekuwa nikiwauliza warudipo: "Haya, umeona nini?" Aghalabu jibu huwa ni bahari, madafu na ngamia. Mtu amelala siku nne Watamu, wala hakupata kujua kwamba mwendo mfupi tu kutoka pale alipokuwa akiota jua upo mji mzima uliozungukwa na msitu. Jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mji huo ni Gede. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukawa na jumba la mtawala, misikiti, visima na nyumba za watu wenye nafasi, ambao vyombo vyao vingine vilitoka Uchina. Katika karne ya 17 wenyewe wakauhama, na miti ikaumeza. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuuchimbua, na mwaka 2024 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Kabla yake ulikwisha andikwa mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, misitu ya kaya za Wamijikenda mwaka 2008, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Ikiwa walimwengu wamekiri kwamba hii ni hazina, itakuwaje mwenye mali apite barabarani bila hata kugeuza shingo?

Visiwani mambo ni yayo hayo. Mgeni hufika Lamu, akapanda punda, akapiga picha, akarudi. Haambiwi kwamba mashua ingaliweza kumvusha hadi Takwa, katika kisiwa cha Manda, auone msikiti wa kale wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Haambiwi kwamba huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi waliona alama za msikiti wa miti wa karne ya 8. Hata Diani, penye mahoteli mengi, uko msikiti wa kale wa Kongo, karibu na mlango wa mto, na watu wangali wakiswali ndani yake.

Na hapo ndipo lijapo suala la adabu. Nimeona kwa macho yangu watu wakipita katika vichochoro vya miji yetu ya kale na nguo za kuogelea, wakasimama mlangoni pa msikiti wakicheka kwa sauti huku wenzao wamo katika sala. Sidhani kuwa walikusudia ubaya; hakuna aliyewafunza. Chuoni sisi tulifunzwa kwamba uingiapo msikitini hutanguliza mguu wa kulia, na utokapo hutanguliza wa kushoto. Ukienda katika hekalu la Wajaini huko Langoni, Mombasa, lililojengwa kwa marumaru nyeupe, utavua viatu, na vitu vya ngozi utaviacha nje. Ukienda Kaya Kinondo, kusini ya Diani, utafungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia msituni. Hizo ni dini tatu mbalimbali, na kila moja ina neno la kumwambia mgeni kabla hajavuka kizingiti. Anayekusimamisha mlangoni hakuchukii. Akuonyesha namna ya kuingia. Mtu wa Thika halioni jambo hili kuwa geni, maana mji wake una makanisa, misikiti na mahekalu ya Wahindi, naye ajua kwamba huko hakuingiwi ovyo.

Nasi watu wa Pwani tusijitakase. Wako miongoni mwetu wamwonao mtu wa bara kama mfuko wa fedha unaotembea. Muuza dafu humpandishia bei, na vijana wa ufuoni humwandama mpaka akachoka. Mwishowe mgeni hujifungia hotelini, na fedha yake ikabaki huko huko, isimfikie mwenye mashua wala mama apikaye mahamri, na magofu yakakosa hata kiingilio cha kulipia kufagiwa kwake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi mwenyeji ambaye mgeni wake hamfikii?

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo laanzia hapa hapa Thika. Mto Chania na mto Thika hukutana mjini hapa. Maji yake huenda yakaingia Tana penye bwawa la Masinga, yakapita Garissa na Garsen, na safari yao ikaishia Kipini, upande wa Lamu. Mto Ruiru nao huingia mto Nairobi, ambao huingia Athi. Athi hushuka ukaitwa Galana, halafu ukaitwa Sabaki, nao humwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Kwa hiyo mtu wa Ruiru ambaye hajapata kuiona bahari ajue ya kwamba maji yaliyopita nyuma ya nyumba yake yamekwisha mtangulia.

Na maji hayo hayaendi mikono mitupu. Wakati wa masika Sabaki huteremka mwekundu, na bahari ya Malindi ikageuka rangi ya tope. Udongo ule haukutoka Malindi. Ulitoka kwenye mashamba na miteremko ya bara, hasa pale watu walimapo mpaka ukingoni na kukata miti iliyokuwa ikishika ardhi. Matumbawe huishi kwa nuru ya jua ipenyayo majini. Tope likiyafunika hudhoofika na kufa, na samaki wanaoyategemea hupungua. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, lakini askari wa hifadhi hana uwezo wa kuuzuia mto. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, tukashukuru. Lakini chupa na taka nyingine tungali twazitupa mitoni kama kwamba mto hauna mwisho. Basi yeyote achafuaye mto huu auchafua ufuo ule ule ambao Desemba atakwenda kuulipia nauli.

Rai yangu ni hii. Walimu wa Thika na Ruiru wanaopeleka wanafunzi Pwani wasiwapeleke kuogelea tu. Wawafunze kwanza darasani habari za Gede na Lamu, kisha wawapeleke wakazione kuta kwa macho yao. Makanisa na vyama vya akina mama vinavyokodi mabasi vitenge siku moja ya kutembelea mji wa kale pamoja na kiongozi mwenyeji, na vimlipe haki yake. Viongozi wa Pwani nao wawaonye vijana wao, maana mgeni akaribishwaye kwa heshima hurudi tena. Na kabla basi halijang'oa magurudumu, sote tuutazame mto unaopita hapa mjini tujiulize tumeutia nini mwaka huu. Anayejua kwamba maji yake hufika Kipini na Malindi hatasema tena kuwa Pwani ni ya watu wengine.

Mimi ni mtu wa mashairi, na neno langu la mwisho kwa wasafiri ni ubeti huu:

Mgeni wendapo pwani, usione mchanga tu,
Vua kiatu langoni, uheshimu nyumba zetu,
Nako nyumbani mtoni, usitupe taka katu,
Litokalo kwenu Thika, hufika na kule kwetu.