Tumezoea, Mpaka Lini?

Wadau, juzi nilikuwa bandari moja ya pwani yetu, jina kapuni. Mama mwenye mtoto mgongoni anapanda boti kwa ubao mmoja, hauna hata kamba ya kushika. Boti imefungwa gatini tangu asubuhi, jenereta linanguruma, moshi unawarudia abiria. Nguzo ya umeme iko hatua 20 tu!

Nikauliza. Jibu: "Mbona tumezoea?"

Jamani! Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ubao uliolala asubuhi, mchana umesimama kama ngazi. Dawa ni gati dogo linaloelea, na daraja lenye bawaba na vyuma vya kushika. Umeme nao: soketi isiyoingia maji, waya ulioachiwa nafasi, na swichi ya kukata umeme ukivuja. Ampea 16 kwa volti 230 ni karibu kilowati 3.7, taa na friji zinawaka, jenereta linazimwa. Göteborg, Uswidi, meli kubwa zinachomekwa umeme wa nchi kavu tangu mwaka 2000.

Hatujui, au hatujali? Nauli tunalipa kila safari. Au tunasubiri mtoto atumbukie ndipo iundwe tume?

Nawakilisha.