Alamu kuukuu ukutani: Kampuni ilishaondoka, betri ya sumu umeachiwa wewe

Tuseme umehamia nyumba ya kupanga Nairobi. Usiku wa kwanza, saa nane, kisanduku cheupe kilicho ndani ya stoo kinaanza: pii... pii... pii. Unamuuliza msimamizi wa ploti, anakwambia ni alamu ya mpangaji aliyehama. Nambari ya siri hakuna anayeijua. Kampuni iliyoifunga haishiki simu.

Wengi hapo huzima swichi kuu au kukata nyaya. Ni kosa. Alamu ilitengenezwa ikijua mwizi atajaribu mbinu hiyo hiyo. King'ora cha nje mara nyingi kina betri yake, na ukikata waya kitalia hadi mtaa mzima uamke.

Hiyo pii ya usiku kwa kawaida ni betri inayokata roho. Ndani ya kisanduku hukaa betri ya volti 12, ndugu mdogo wa betri ya gari, yenye uzito wa takriban kilo 2. Kazi yake ni kuiweka alamu macho stima ikipotea. Baada ya miaka 3 hadi 5 huwa imechoka. Na zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi.

Kwa nini sasa?

Kwa sababu alamu hizi zinapitwa na wakati kwa kasi. Watu wanahamia kamera wanazotazama kwenye simu. Kubwa zaidi, mitandao inayozibeba inazimwa.

Marekani, kampuni kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022, na alamu ambazo hazikuwa zimebadilishwa zikabaki mapambo ya ukutani. Uingereza inazima laini za zamani za simu za waya kufikia Januari 2027, na wenye alamu zinazopiga simu kupitia laini hizo wanatakiwa kujipanga mapema.

Huku kwetu, alamu nyingine huita msaada kwa redio, nyingine kwa laini ya simu iliyowekwa ndani ya kisanduku. Hizo za laini zitakabiliwa na swali lile lile siku mitandao ya zamani itakapozimwa. Tofauti ni kwamba sisi hatujajibu swali la pili: vifaa hivi vikifa, viende wapi?

Muulize mkazi wa Owino Uhuru

Jibu la kawaida ni mkokoteni wa vyuma kuukuu. Unapata pesa kidogo, betri inaondoka, unasahau. Lakini risasi haisahauliki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo.

Mombasa wanalijua hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu na kwenye udongo. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano na kutunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo 2023. Ni Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ilipowarudishia ushindi wao.

Betri moja ya alamu haiwezi kulinganishwa na kiwanda. Lakini kiwanda cha aina hiyo hulishwa na betri moja moja, kutoka kwa watu kama mimi na wewe.

Nani abebe mzigo?

Kisheria, mwelekeo upo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya, ya mwaka 2022, inaweka wajibu kwa mzalishaji hata baada ya bidhaa kuisha maisha yake. Yaani aliyeleta mzigo sokoni asimwachie mwananchi peke yake.

Mitaani mambo ni tofauti. Kampuni hulipwa siku ya kufunga, hulipwa kila mwezi kwa ulinzi, kisha mkataba ukiisha kisanduku kinabaki. Kuondoa si kazi ya mtu.

Ukiwa nayo leo

- Kama umepanga, ongea kwanza na mwenye nyumba. Huenda ni mali yake.
- Kama kuna mkataba, uvunje kwa maandishi. Kuzima alamu hakusimamishi bili.
- Kisanduku kimeunganishwa na stima ya nyumba, kwa hiyo mwite fundi. Akishazima stima, atoe betri zote, ya ndani na ya king'ora.
- Bandika utepe kwenye vichwa vya betri visigusane na chuma.
- Usiipasue, usiichome, usiitupe na taka za jikoni. Ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki wenye leseni. Nairobi kuna WEEE Centre.

Na kama unafunga alamu mpya wiki hii, muulize muuzaji kabla hujatia sahihi: ikifa, nani atakuja kuichukua? Akibabaika, basi ujue mzigo huo umeshakuwa wako.