Chombo Kibadilike, Neno Lisikike

Mpenzi wa bendi ana wivu kuliko mpenzi wa mtu. Siku bendi yake inapobadili mlio, ikaweka kinanda cha umeme mahali pa fidla, au ikaharakisha mwendo uliokuwa wa taratibu, yeye hujiona ameachwa. Mwenzake aliyeketi kando yake, ambaye mlio wa zamani ulikwisha kumchosha, husimama akapiga makofi. Tangu hapo hawaelewani tena: mmoja husema bendi imekufa, mwingine husema ndiyo kwanza imezaliwa. Ugomvi huu unajulikana Unguja na Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Nasi huku Mpumudde, mjini Jinja, tunao. Jina la mahali petu lina maana ya "nimepumzika", lakini mabishano juu ya nyimbo hayajapumzika hata siku moja.

Walimu wengi huyaona mabishano hayo kuwa mambo ya vijana na ya ukumbini, yasiyoihusu kazi yetu. Makala haya yanakusudia kuwapinga. Yanakusudia vile vile kuzipinga pande zote mbili za ugomvi wenyewe, kwa kuwa zote mbili hugombania chombo, ilhali kinachopasa kugombaniwa ni neno.

Tuanze na wale wanaojiita walinzi wa asili. Hao husema taarabu ya kweli ni ile ya zamani, na kila kilichoongezwa baadaye ni uchafu. Yafaa waulizwe: zamani ipi? Taarabu iliingia katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, ikitoka Misri, na ikaimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Kama asili ndiyo kipimo, basi asili ni hiyo, na sisi sote tunaoipenda taarabu ya Kiswahili ni wapenzi wa kitu kilichobadilishwa.

Aliyekibadilisha anajulikana. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wanyonge na mwuza vyungu, alitwaa muziki huo wa jumbani akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Wako waliomdharau kwa nasaba yake na kwa kutoka kwake shamba. Lakini hebu tutazame alibadili nini hasa. Udi ulibaki udi, na fidla ikabaki fidla. Alichobadili ni lugha. Neno lililokuwa limefungiwa ndani ya Kiarabu cha wachache lilitoka nje likawafikia wachukuzi, wapishi na wanawake wa Ng'ambo. Wimbo wake juu ya mauaji ya mwanamke mmoja, na juu ya hukumu iliyofuata, ulifanya kazi ya gazeti kwa watu wasiojua kusoma. Shaaban Robert hakuandika wasifu wake kwa sababu ya sauti nzuri peke yake; aliona kwamba mwanamke huyo aliipa lugha heshima.

Baada ya Siti mabadiliko hayakukoma. Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilileta magitaa ya umeme na mwendo wa kuchezeka, lakini maneno ya Shakila yalisikika wazi toka mwanzo wa ubeti hadi mwisho. Mombasa, Juma Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi, na wapo walionung'unika kwamba ameiuza taarabu ya Mswahili. Lakini kati ya waliomtungia maneno alikuwamo ndugu yake Ahmad Nassir, yule yule mwenye *Malenga wa Mvita*, kitabu ambacho walimu wengi wa Kiswahili wamekifundisha. Tuni ilitoka Bombay, shairi lilitoka Mvita, na shairi halikupungukiwa na mizani. Mwenye kusema kwamba tuni ya kigeni huua Kiswahili na atuonyeshe maiti.

Katika muziki wa dansi habari ni hiyo hiyo. Wapenzi wa Dar es Salaam walizoea kuitambua bendi kwa mtindo wake, na kuutetea mtindo huo kama watu wanavyotetea timu ya mpira. Muhidin Gurumo alivuma katika NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park na mtindo wake wa Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule. Mwishowe alirudi katika bendi ile ya NUTA, ambayo ilikuwa imekwisha kubadili jina na kujulikana kwa Msondo. Katika kila hama wako waliomwita msaliti. Alipofariki mwaka 2014, wa Sikinde na wa Msondo walimlilia pamoja, maana katika mitindo yote hiyo alikuwa ameimba habari za ndoa, ujirani na umaskini kwa Kiswahili anachokielewa kila mtu. Tena tusiwasahau wanamuziki wa Kongo, kama wale wa Maquis waliohamia Dar es Salaam na wale wa Super Mazembe waliohamia Nairobi. Hao walikuja na Kilingala, wakageuka wakaimba Kiswahili. Mpenzi wa rumba asilia angeweza kulalamika. Mwalimu wa Kiswahili hana sababu.

Basi, je, tujiunge na upande wa pili, wa wale wanaoshangilia kila jipya? La. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na upande huu hauoni kidonda kwa utamu wa unyemi. Taarabu ya kisasa iliyoshika kasi katika miaka ya 1990, kwa vikundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre, iliondoa safu ya fidla ikaweka vinanda vya umeme, ikawainua wasikilizaji vitini wakacheza. Kuinuka kucheza si dhambi. Wala mipasho haikuzaliwa na kinanda: wanawake wa Unguja na Mombasa walirushiana maneno kwa nyimbo na kwa leso muda mrefu kabla ya umeme kuwafikia.

Kosa liko mahali pengine. Utungo wa taarabu, kwa kawaida yake, ni shairi: mstari wa mizani kumi na sita uliokatwa katikati, vina vinavyoitikiana, na fumbo ambalo msikilizaji hulifumbua kwa akili yake. Msikilizaji alipokwenda kumtunza mwimbaji katikati ya wimbo, alikwenda kwa sababu ubeti ule ulikuwa umelisema neno lake, na jirani yake alijua amelengwa yeye ingawa hakutajwa. Kazi hiyo yote hutegemea jambo moja dogo: maneno yasikike. Katika nyimbo nyingi za siku hizi fundi mitambo amekipandisha kinanda juu ya koo la mwimbaji, ubeti umefupishwa ili kiitikio kirudiwe mara nyingi zaidi, na fumbo limegeuka tusi wazi lisilohitaji akili kulifumbua. Hapo hatukubadilishiwa chombo tu, tumenyang'anywa shairi. Usiache mbachao kwa msala upitao: mbachao wetu si udi wala fidla, ni utungo.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Mwezi Julai 1965, huko Newport nchini Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme mbele ya wapenzi waliomzoea na gitaa la kawaida, na baadhi yao wakamzomea. Mwaka uliofuata, mjini Manchester, msikilizaji mmoja alimwita Yuda. Lakini mwimbaji mzee Pete Seeger, aliyekasirika sana siku ile ya Newport, alieleza baadaye kwamba kilichomkera si umeme. Ni kwamba mitambo ilivuma vibaya na maneno hayakusikika. Huyo alikasirikia jambo linalostahili hasira. Maneno yenyewe yaliendelea kutungwa na kusikika, na mwaka 2016 Dylan akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Waliomzomea kwa ajili ya gitaa hawakupewa haki na historia. Aliyedai maneno yasikike alipewa.

Huenda mwenzetu wa Unguja akaona tunakuza jambo dogo. Yeye ana Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini. Wimbo mmoja ukiharibika, lugha haipungukiwi. Uganda si hivyo. Jinja ni mji wa kambi ya jeshi na wa viwanda, na Kiswahili kilikaa kwanza kambini na katika makazi ya wafanyakazi kama Walukuba. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kutangazwa hivyo kikazidi kuchukiwa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini azimio halifuti kumbukumbu. Kwa wazee wengi wa huku Kiswahili ni vitenzi vya amri: simama, fungua, toa, lala chini.

Ni wapi basi mtoto wa Mpumudde, ambaye nyumbani husema Kisoga au Kiganda, atakutana na Kiswahili kinachobembeleza, kinachojuta, kinachotania? Kwa wengi ni katika wimbo, kabla hawajamwona mwalimu. Ni katika wimbo anaposikia kwanza *-nge-* na *-ngali-* zikifanya kazi katika kinywa cha mtu mwenye majuto, si katika zoezi la ubaoni. Ni katika wimbo anapogundua kwamba lugha hii inaweza kumsema mtu bila ya kumtaja. Wimbo ukimfikia ukiwa kelele na kiitikio, mlango huo umefungwa, na kilichobaki ni amri ya askari na kanuni ya mtihani.

Kwa hiyo lawama ya mwisho ni yetu walimu. Wako miongoni mwetu wanaozifukuza nyimbo zote darasani kwa kuwa ni za ulevini, na wako wanaoziruhusu zote ili wapendwe na wanafunzi. Wote wawili wameacha kuchagua, na kuchagua ndiko kufundisha. Tulete darasani nyimbo mbili za maudhui mamoja, ya zamani na ya sasa. Wanafunzi wazisikilize mara mbili, waandike wanachokisikia, wahesabu mizani, watafute vina, waeleze fumbo. Lisiloandikika kwa sababu ya kinanda liandikwe kuwa ni upungufu wa kinanda. Wakati mwingine wimbo wa sasa utashinda, nasi tukubali; wakati mwingine wa zamani utakutwa na maneno manne yaliyopambwa kwa fidla nyingi, nako tukubali.

Bendi ina haki ya kubadili mlio wake. Haikutia sahihi mkataba na masikio yetu. Nasi tuna haki ya kudai jambo moja, katika udi au katika kinanda, kwa mwendo wa pole au wa mbio: anayeimba kwa Kiswahili asikike anasema nini, na anachosema kistahili kusikika.