Mahindi Yaliyokataliwa Huliwa na Nani?

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, wengi tulipandwa na hasira. Tulizungumzia biashara, ujirani na hila za washindani. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, nasi tukashusha pumzi. Katika kelele zile nilisubiri swali moja: mahindi yanayokataliwa mpakani, yakirudi, huliwa na nani?

Sumukuvu si uzushi wa washindani. Huzalishwa na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokaushwa vema. Haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Ikiwa nyingi huua upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua takriban watu 20 hapa kwetu, hasa Dodoma na Manyara.

Wapo wanaotufariji: hayo ni ya vijijini, nunueni unga wa kiwandani wenye nembo ya ubora. Faraja hiyo naikataa. Kiwanda hununua kwa mkulima yuleyule, kisha huchanganya magunia ya vijiji vingi, na uchafu wa magunia machache huenea katika mifuko mingi. Kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hubaki kwenye pumba. Lakini pumba hulishwa ng'ombe, na sumu hurudi mezani ndani ya maziwa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi. Januari 2020 likaongeza 17. Unga ule ulikuwa umefungwa vizuri, tena una vibali.

Wenzetu, walau, walitaja majina. Sisi tangu 2019 tumelikabidhi Shirika la Viwango Tanzania jukumu la usalama wa chakula, na ukomo wa sumukuvu katika mahindi umeandikwa: mikrogramu 10 kwa kilo. Lakini ni nani kati yetu awezaye kuuliza dukani matokeo ya kipimo cha mwisho cha unga anaoununua, akajibiwa? Nataka matokeo hayo yatangazwe hadharani, chapa kwa chapa.

Watasema tutaua viwanda vya ndani. La hasha. Mwenye kiwanda anayepima kwa uaminifu hana cha kuogopa. Ukimya humlinda yule asiyepima. Na gharama ya ukimya huo hatuilipi kwa usawa. Ukomo huhesabiwa kwa kilo, ilhali mwenye nacho hubadilisha wali, viazi na ndizi, na fukara hula ugali mchana na usiku, mwaka hadi mwaka.

Taifa linaloona aibu mahindi yake yakikataliwa na jirani, lisione haya kuyakataa lenyewe kabla hayajafika kwenye sahani za watoto wake.