Obokano Si ya Tamasha Pekee

Kila muhula wa pili shule nyingi za huku kwetu Kisii na Nyamira huitoa obokano stoo. Inapanguswa vumbi, wanapewa wavulana wawili watatu wanaoijua kidogo, na mazoezi ya tamasha la muziki yanaanza. Wimbo mmoja unakaririwa majuma sita au saba. Tukishinda, twaimba ndani ya basi mpaka koo zinakauka. Tukishindwa, twawalaumu waamuzi. Halafu obokano inarudi stoo mpaka mwaka ujao, na panya nao wanajua kwamba ngozi ni chakula. Mimi nasema hiyo siyo njia ya kujifunza muziki wa wazee wetu.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe, maana wako wenzetu wanaokiona mara moja tu kwa mwaka, tena kwa mbali. Obokano ina nyuzi nane, kama nyatiti ya jirani zetu Wajaluo, lakini ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito, inanguruma hata unaisikia tumboni kabla ya masikio. Chini ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Miti miwili inapanda juu na kushika mti mmoja uliolala, na hapo ndipo nyuzi hufungwa na kukazwa kwa kusokotwa. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama, siku hizi ni nailoni ile ya wavuvi.

Lakini kazi kubwa iko kichwani, si vidoleni. Mpigaji halisi hutazama ni nani ameingia nyumbani. Anamtia katika wimbo, anamtaja ukoo wake, anamsifu, na pengine anamchoma kidogo kwa ubahili wake. Kwa hiyo wimbo wa Jumamosi si ule wa Jumapili, ingawa jina ni moja. Sasa sisi wa tamasha tuna dakika chache tu jukwaani. Tunaukariri wimbo kama shairi la mtihani, na mtu akiondoa mstari mmoja, basi sote twatazamana.

Tangu likizo ya Desemba nimekuwa nikienda jioni mbili kwa juma kwa mzee mmoja jirani yetu. Yeye hafundishi kama darasani. Mwezi wa kwanza alinipa nyuzi mbili tu, nizirudie zile zile huku yeye akiimba na kuzungumza na wageni wake. Nilidhani ananichezea. Kumbe alikuwa akinifunza kutopotea wakati watu wanapoongea, wanapocheka na wanapoingia na kutoka. Sasa nina nyimbo tatu. Si mpigaji wa kulipwa, wala sitafuti kuwa mmoja, lakini hizo tatu ni zangu, na hata nikiamshwa usiku nitazipiga.

Wako watakaosema obokano ni ya walevi. Ni kweli ilipigwa penye pombe, lakini ilipigwa pia harusini, na sijasikia mtu akiikataa harusi kwa sababu hiyo. Wengine, na hawa ndio wengi shuleni, husema eti sisi ni watu wa kisasa, watu wa kantri. Jamani, ni nani hapa hajui Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton? Panda matatu ya Keroka asubuhi ya Jumapili uone. Tena Kenya tunaye mwimbaji wetu wa kantri, Elvis Otieno, aitwaye Sir Elvis. Mimi nazipenda nyimbo hizo na siombi zizimwe. Nauliza tu, waliozianzisha walijifunza vipi?

Chukueni Bill Monroe, ambaye huko Marekani huitwa baba wa bluegrass, muziki ulio ndugu wa kantri. Alizaliwa mwaka 1911 huko Kentucky. Mama yake alifariki angali mtoto, na baba yake akafariki mwaka 1928. Wakati huo Monroe alikuwa na miaka kumi na sita, umri wangu huu huu. Akaenda kuishi na mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpigaji fidla katika ngoma za kijijini. Nyimbo alizipata hapo, kwa kumfuata mjomba na kusikiliza. Halafu ile banjo wanayoiringia asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari na watu wa Afrika Magharibi waliouzwa utumwani.

Sehemu ya nyimbo za milima ile ilitoka Ireland na Uskoti, na huko nako ni vivyo hivyo. Watu hukaa jioni kuzunguka meza, bila jukwaa na bila mwamuzi, na mwanagenzi hujiweka pembeni mpaka ameushika wimbo. Francis O'Neill, Mwailandi aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago (ndiyo, polisi!), alikusanya nyimbo za kwao kutoka kwa wapigaji wa kawaida. Mwaka 1903 akatoa kitabu chenye nyimbo 1,850. Hiyo haikuwa kazi yake ya mshahara.

Kuna kisa cha karibu zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapo kwa jirani zetu Wakipsigis, akarekodi wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ambaye watu walikuwa wamemsikia kwenye santuri. Hawakuziacha nyuzi zao ili wawe kama yeye. Walimchukua yeye, wakamtia katika nyuzi zao! Katika miaka ya 2010 rekodi hizo zilirudishwa kwao. Je, sisi, mtu akija kuturudishia sauti za babu zetu, nani atajua kuzipiga?

Wenzetu wa bweni hutucheka kwamba sisi wa kutwa twanuka moshi. Haya, na wacheke. Kengele ya mwisho ikilia wao wamefungiwa, nasi twapita mlangoni pa wazee wenye nyimbo hizi. Wazee hao hawazidi kuwa wengi.

Ombi langu kwa walimu wa chama chetu ni dogo. Obokano itoke stoo, ikae katika chumba cha chama mwaka mzima, na ufunguo awe nao mwanachama mmoja. Ijumaa moja kila mwezi aalikwe mzee, na hapo pasiwe na alama wala cheti. Wasichana nao waketi waipige, maana Eriko Mukoyama, mama wa Kijapani ajulikanaye kama Anyango, alikuja mpaka Siaya akajifunza nyatiti, na leo anaipiga duniani. Nyuzi mbili za obokano yetu zimekatika tangu tamasha lililopita. Nailoni nimeshanunua, niko tayari kuzifunga Jumatatu nikifunguliwa stoo.